Programu inajifunga, inagoma kuungana au inatoa majibu ya ajabu: kutafuta kosa la desimali kwenye chip za ARM

Kwenye laptop programu inakwenda bila shida. Kwenye simu yako nayo inakwenda. Halafu anakuja mtu na simu ya bei nafuu, anagusa alama ya programu, skrini inawaka nyeupe mara moja na kurudi mwanzo. Ukichomeka waya na kusoma kumbukumbu za mfumo unakuta mstari mmoja: `Fatal signal 4 (SIGILL), code 1 (ILL_ILLOPC)`. Hapo wengi wetu huanza kubahatisha. Unaongeza swichi hii ya kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya chip), unaondoa ile, unajenga upya, unajaribu tena, mpaka jioni.

Tunabahatisha kwa sababu mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye furushi moja la "mipangilio ya namba zenye nukta inayoelea", yaani hizi 2.5 na 0.1 ambazo humu nitaziita desimali tu. La kwanza ni mahali pa kupokezana: kipande kimoja cha programu kinapokipa kingine desimali, kinaiweka kwenye rejista gani (vyumba vidogo vya namba ndani ya chip)? Hiyo ni kazi ya `-mfloat-abi`. La pili ni zana: chip ina maagizo gani ya kuhesabia desimali? Hapo kuna `-mfpu` kwa biti 32, na `-march` kwa biti 32 na 64. La tatu ni kanuni: kompaila inaruhusiwa kupinda hesabu kiasi gani ili ipate kasi? Hapo ndipo wanapokaa `-ffast-math` na `-ffp-contract`. Kosa la kwanza hukuzuia kuunganisha programu, au hukupa takataka. La pili huiua programu papo hapo. La tatu hunyamaza, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

## Soma faili kabla ya kugusa swichi

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Swali letu ni vimeundwa kwa ajili ya chip ipi, na faili lenyewe linajibu:

```
$ readelf -A libhesabu.so
  Tag_CPU_arch: v7
  Tag_FP_arch: VFPv3
  Tag_Advanced_SIMD_arch: NEONv1
  Tag_ABI_VFP_args: VFP registers
```

Mistari mitatu ya juu inahusu zana: faili hili linadai chip ya ARMv7 (toleo la saba la muundo wa ARM) yenye VFPv3, yaani kizio cha desimali, na NEON, maagizo ya kuhesabu namba kadhaa kwa mpigo. Mstari wa mwisho unahusu mahali pa kupokezana: desimali zinapita kwenye rejista za VFP, yaani limejengwa kwa `hard`. Mstari huo usipoonekana kabisa, kwa kawaida faili limejengwa kwa `soft` au `softfp` (tofauti zao tutaziona mbele). Kutokuwepo kwake ndilo jibu, kwa hiyo usidhani zana imeshindwa kusoma. (Kwa mafaili ya biti 64 amri hii haitakuambia kitu cha maana. Huko mkataba wa kupokezana ni mmoja tu, na desimali pamoja na NEON vinahesabiwa kuwa vipo daima.)

Upande wa kifaa, soma `/proc/cpuinfo` kwenye mstari wa `Features`. Raspberry Pi 2 ya mwanzo (kompyuta ndogo), yenye kiini cha Cortex-A7, inaorodhesha `vfp`, `neon`, `vfpv3` na `vfpv4` miongoni mwa mengine. Chip ya biti 64 inaandika `fp asimd`, na ile mpya kidogo inaongeza `fphp asimdhp`. Kumbuka hayo mawili ya mwisho, tutakutana nayo sasa hivi.

Weka majibu ya faili na ya kifaa kando kwa kando. Mara nyingi kosa linaonekana hapohapo na huna haja ya kuendelea kusoma.

## Dalili: `Illegal instruction`, au SIGILL

Chip imepewa agizo isilolijua. Zana zilizodaiwa zimezidi zana zilizopo. Usibishane nayo, tafuta ni agizo gani. Ripoti ya kuanguka inakupa anwani ya `pc`, yaani agizo ambalo chip imekwamia. Peleka anwani hiyo kwenye `objdump -d` au `llvm-objdump -d`, soma mstari mmoja tu. Ukishauona, kabila la kosa linajulikana kwa sura:

- `movw` au `movt` kwenye chip ya ARMv6: programu imejengwa kwa ARMv7.
- Rejista zinazoanza na `q`, mfano `vadd.f32 q0, q1, q2`: hiyo ni NEON. Karibu kila ARMv7 inayo, lakini si zote. Tegra 2, iliyokuwemo kwenye tableti za Android za mwanzo kama Motorola Xoom, ilikuwa Cortex-A9 isiyo na NEON.
- Rejista `d16` hadi `d31`: kizio cha desimali kinachodaiwa ni chenye rejista 32, kifaa kina cha 16. Ndiyo maana ya ule mkia wa `-d16` kwenye `vfpv3-d16`.
- `vfma.f32`: VFPv4. Cortex-A7 na A15 wanayo, A8 na A9 hawana.
- Kitu kama `fmla v0.8h, v1.8h, v2.8h`: desimali za biti 16, zilizoingia kama nyongeza kwenye ARMv8.2.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua programu nyingi siku hizi, hasa zenye modeli ya kutambua picha au sauti ndani yake. Mtu anasoma mahali kwamba desimali za biti 16 zinaongeza kasi, anaweka `-march=armv8.2-a+fp16`, anajaribu kwenye simu yake yenye Cortex-A76, kasi inapanda kweli, anafurahi, anatoa toleo. Sasa simu ya biti 64 ya bei ya chini kwa miaka mingi imekuwa ikijengwa kwa Cortex-A53, na A53 ni ARMv8.0. A72 na A73 pia hawana. A55 na A75 ndio walioanza kuwa nayo. Kwa hiyo "ni biti 64" si jibu la swali "ina fp16?", na sokoni kwetu simu za A53 bado zimejaa mifukoni.

Dawa ni kujenga programu nzima kwa kiwango cha chini, `-march=armv8-a`, na kuweka hesabu za biti 16 kwenye faili lake peke yake lenye swichi yake. Wakati wa kuanza, programu inauliza `getauxval(AT_HWCAP)`: ikiona `HWCAP_FPHP` na `HWCAP_ASIMDHP`, inatumia faili hilo, isipoziona, inatumia njia ya kawaida.

Na hapa pana mtego ambao umewahi kuwanasa watu makini. Kama faili hilo maalumu linaingiza vichwa vya C++ vyenye funsheni za `inline` au templeti, kompaila inatengeneza nakala ya funsheni hizo kwa swichi ya fp16. Faili la kawaida nalo lina nakala yake. Linka, programu inayounganisha mafaili yaliyojengwa kuwa moja, inaziona zote mbili zina jina moja, inabakiza moja. Ikibakiza ile ya fp16, programu nzima imeambukizwa, na SIGILL inatokea kwenye sehemu isiyohusika kabisa na hesabu zako, labda ndani ya kupanga orodha ya majina. Faili lenye swichi kubwa liwe kavu: funsheni za C tupu, au `static`, bila kuingiza vichwa vya watu.

Chanzo kingine cha SIGILL ni `-march=native`. Swichi hii inasema "jenga kwa chip uliyo juu yake". Ukijenga ndani ya kontena kwenye laptop ya Apple yenye M1, kisha ukahamishia faili kwenye Raspberry Pi 4 yenye Cortex-A72, umebeba maagizo ambayo Pi 4 haijawahi kuyasikia. `native` ni ya programu isiyosafiri.

Ya kwangu mwenyewe ilinila siku mbili. Nilikuwa na Raspberry Pi Zero ya kwanza juu ya tangi la maji, inasoma kina kwa kihisi. Nikajenga programu kwenye laptop kwa kompaila ya `arm-linux-gnueabihf`. Nikajua Pi Zero ni ARM1176, ARMv6, basi nikaandika `-mcpu=arm1176jzf-s -mfpu=vfp -mfloat-abi=hard`. Kompaila ikalalamika kuhusu `Thumb-1 hard-float VFP ABI`. Nikaongeza `-marm`, malalamiko yakaisha. Nikapanda ngazi. `Illegal instruction`. Nikashuka, nikafuta hesabu zote. `Illegal instruction`. Nikabaki na `main` inayorudisha sifuri na kufunga. `Illegal instruction`.

Swichi zangu zilikuwa sahihi, ila zilihusu msimbo wangu tu. Programu ya C haianzii kwenye `main`. Kuna mafaili madogo, `crt1.o` na ndugu zake, ambayo linka huyabandika mwanzoni kimyakimya, pamoja na `libgcc`. Hayo yalikuja yameshajengwa pamoja na kompaila, na `armhf` ya Debian (Linux yake ya ARM ya biti 32 inayotumia `hard`) msingi wake ni ARMv7. Raspbian ya 2012 ilijengwa upya nzima kwa ARMv6 kwa sababu hiyohiyo. Ningefanya `readelf -A` kwenye `crt1.o` siku ya kwanza, ningeona `v7` na nisingepanda ngazi mara ya pili. Mwisho nilijengea palepale kwenye Pi Zero, taratibu kama konokono, ikafanya kazi. Njia ya kudumu ni kompaila iliyojengwa yenyewe kwa ARMv6.

## Dalili: linka inagoma, `uses VFP register arguments`

Ujumbe wenyewe huwa hivi:

```
error: hesabu.o uses VFP register arguments, programu does not
failed to merge target specific data of file hesabu.o
```

Hapa hakuna suala la zana. Ni mahali pa kupokezana. Kwenye biti 32 kuna mikataba miwili. `hard` inapitisha desimali kwenye rejista za VFP, `s0` na kuendelea. `softfp` inapitisha desimali kwenye rejista za kawaida, `r0` hadi `r3`, halafu anayepokea anazihamishia kwenye VFP ili azihesabu. `soft` inapitisha kama `softfp`, ila haitumii kizio cha desimali kabisa. Kila kujumlisha ni kuita funsheni. Kwa hiyo `soft` na `softfp` wanaelewana, `hard` haelewani na yeyote kati yao. Jina `softfp` linawapotosha wengi wanaodhani maana yake ni hesabu za polepole. Siyo: hesabu ni za chip, kupokezana tu ndiko kwa zamani.

Chukua funsheni `float eneo(float upana, float urefu)`. Aliyejengwa kwa `hard` anaita `eneo(2.5f, 4.0f)`: anaweka 2.5 kwenye `s0` na 4.0 kwenye `s1`. Funsheni iliyojengwa kwa `softfp` inachungulia `r0` na `r1`, ambamo kuna mabaki ya kazi nyingine, labda anwani ya kumbukumbu. Ni abiria anayenyoosha nauli kwa mkono wa kulia huku kondakta ameganda kwenye mkono wa kushoto. Eneo litakalorudi halitakuwa 10.

Kuna swichi ya linka, `--no-warn-mismatch`, inayofunga mdomo wa ujumbe huo. Imezagaa kwenye majibu ya haraka mtandaoni. Usiitumie. Ubaya wake ni kwamba programu itaonekana inafanya kazi: funsheni za namba kamili hazihusiki, na hata `printf("%f")` itachapa sawasawa, maana funsheni zenye idadi ya hoja isiyojulikana hutumia rejista za kawaida katika mikataba yote miwili. Utachapa thamani kabla ya kuita, utaiona ni nzima, utaanza kumlaumu aliyeandika `sinf`.

Dawa ni moja: vyote viwe vya mkataba mmoja. Ukiwa na msimbo, jenga upya. Ukiwa umepewa maktaba iliyofungwa bila msimbo, mkataba wake ndio wako. Wewe ndiye utakayehama. Kama huwezi kuhama, GCC na Clang, kompaila mbili zinazotumika sana, zinakubali kutangaza funsheni moja moja kwa `__attribute__((pcs("aapcs")))`, ambayo inasema "hii ipokezane kwa rejista za kawaida". NDK ya Android (zana za kujengea msimbo wa C na C++) iliwahi kupita njia hiyo ilipokuwa na `armeabi-v7a-hard`, kwa kuwa Android yenyewe ya biti 32 ni ya `softfp`. Mpango huo uliondolewa kwenye NDK r12 mwaka 2016. Ukikuta mwongozo unaokuelekeza kuwasha `hard` kwenye Android, ni wa zamani, funga ukurasa.

Ndugu mdogo wa tatizo hili ni `gnu/stubs-soft.h: No such file or directory`, au `stubs-hard.h`. Umeomba mkataba ambao vichwa vya C ulivyonavyo havinao. Usitengeneze faili tupu lenye jina hilo ili kompaila itulie. Sakinisha kompaila ya mkataba unaoutaka: `gnueabi` kwa rejista za kawaida, `gnueabihf` kwa za VFP.

## Dalili: `No such file or directory`, na faili unaliona kwa macho

`ls` inalionyesha, ruhusa zipo, ukiliita mfumo unakana halipo. Kisichopo ni faili jingine: kipakiaji (programu ya mfumo inayopakia yako pamoja na maktaba zake) ambacho njia yake imeandikwa ndani ya programu.

```
$ readelf -l programu | grep interpreter
  [Requesting program interpreter: /lib/ld-linux-armhf.so.3]
```

Mfumo wa `armel` (wa mkataba wa rejista za kawaida) unacho `/lib/ld-linux.so.3`. Wa `armhf` unacho kile cha juu. Wa biti 64 unacho `/lib/ld-linux-aarch64.so.1`. Kwenye mfumo wa familia ya Debian wa biti 64 unaoweza kuendesha biti 32, `dpkg --add-architecture armhf` ikifuatiwa na `apt update` na kusakinisha `libc6:armhf` inakupa kipakiaji hicho. Kama badala yake unapata `Exec format error`, yawezekana kerneli au chip haiendeshi biti 32 kabisa, na hapo hakuna ujanja ila kujenga upya. Kutengeneza kiungo cha jina bandia kutoka kipakiaji kimoja kwenda kingine ni kurudi kwenye yale ya kondakta.

## Dalili: Android inasema maktaba haipo, na imo ndani ya kifurushi

`UnsatisfiedLinkError`. Uliza kwanza simu inakubali nini:

```
adb shell getprop ro.product.cpu.abilist
```

Mambo mawili hutokea. La kwanza: chip ni ya biti 64 lakini Android iliyowekwa ni ya biti 32, na orodha inasema `armeabi-v7a,armeabi` tu. Simu nyingi za kumbukumbu ndogo zimetoka kiwandani hivyo. Kifurushi chenye `arm64-v8a` peke yake hakitafaa humo, hata karatasi ya vipimo vya simu ikijigamba.

La pili ni la aibu zaidi. Umeweka maktaba tano kwenye folda ya `armeabi-v7a`, na maktaba ya sita, uliyoipata kwa mtu, imekuja na folda zote mbili. Simu ya biti 64 inaona folda ya `arm64-v8a` ina kitu, inaichagua, inaisakinisha, kisha inatafuta zile tano humo na kuzikosa. Folda zote ziwe na maktaba zote, au folda pungufu iondolewe. Kumbuka kwamba tangu Agosti 2019 duka la Google linadai toleo la biti 64 kwa programu zenye msimbo wa asili, hivyo kuondoa `arm64-v8a` si suluhisho la kupeleka dukani.

Kuhusu `-mfpu` kwa Android, usiiguse. Tangu NDK r21, `armeabi-v7a` inajengwa na NEON ikiwa imewashwa. Kama bado unahudumia kifaa cha ukoo wa Tegra 2, izime kwa makusudi kwenye NDK iliyo kabla ya r24, maana r24 iliacha kuhudumia chip zisizo na NEON. Wengine wote acheni kama ilivyo.

## Dalili: majibu ni sahihi, lakini ni pole mno

Angalia kama kuna hesabu zinazofanywa na programu badala ya chip:

```
$ nm programu | grep __aeabi_
```

Ukiona `__aeabi_fadd` au `__aeabi_fmul`, hata desimali za biti 32 zinaigizwa. Umejenga kwa `soft`, au kompaila haijui kama chip ina kizio cha desimali. Ukiona `__aeabi_dmul` peke yake, yaani herufi `d` bila `f`, basi biti 32 ziko salama na ni biti 64 zinazoigizwa. Hali hii ni ya vichakataji vidogo kama Cortex-M4 yenye FPU (kizio cha desimali), ambayo inajua biti 32 tu. Chanzo mara nyingi ni mstari mmoja wa kawaida kabisa:

```
joto = joto * 1.8 + 32;
```

`joto` ni `float`, lakini `1.8` katika C ni `double`. Kwa hiyo `joto` inapandishwa, hesabu zote mbili zinafanyika kwa kuigiza, halafu jibu linashushwa tena. Andika `1.8f` na `32.0f`. Swichi `-Wdouble-promotion` itakuonyesha kila mahali jambo hili linapotokea, na mara ya kwanza utashangaa ni mahali pengi kiasi gani.

Kwa simu za biti 32 kuna chanzo kingine. Umewasha `-mfpu=neon -O3`, ukitegemea kitanzi chako cha desimali kitafanywa nne nne, lakini GCC haijakigusa. Haijasahau. NEON ya ARMv7 hugeuza kuwa sifuri namba ndogo kuliko takriban 1.18×10⁻³⁸, kinyume na kanuni za IEEE (kiwango cha kimataifa cha hesabu za desimali), na GCC haiwezi kukubadilishia majibu bila ruhusa. Ruhusa ni `-funsafe-math-optimizations`. Itoe kwa faili la sauti au picha, si kwa programu nzima. Desimali za biti 64 NEON hiyo haizijui kabisa. Kwenye biti 64 vikwazo vyote viwili viliondolewa.

Cortex-A8, iliyomo kwenye BeagleBone Black, ina kasoro yake ya kuzaliwa: kizio chake cha VFP hakipangi kazi kwa foleni, kila agizo linasubiri la mbele limalizike, na kuhamisha thamani kutoka VFP kwenda rejista za kawaida kunagharimu mizunguko kama 20. Kwa chip hiyo tofauti ya `softfp` na `hard` unaiona kwa macho. Kwingine mara nyingi ni ndogo, na haistahili kuvunja uelewano na maktaba za wengine.

## Dalili: majibu yanatofautiana na ya laptop

Hapa hakuna ujumbe wa kosa. Kuna mtu tu anayesema ramani imeruka, au kisanduku kimoja kwenye ripoti kimeandikwa `nan`, yaani si namba.

Chukua `sqrt(x*x - y*y)`, na `x` na `y` zote ni 0.1 za biti 64. Kwenye laptop ya kawaida ya x86-64, iliyojengwa bila swichi maalumu, kila zidisho linakadiriwa kivyake, yote mawili yanatoka sawa, tofauti ni sifuri. ARM ya biti 64 ina agizo la kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja, linalokadiria mara moja tu mwishoni. Kompaila ikiunganisha zidisho la kwanza na utoaji, upande mmoja ni 0.1×0.1 kamili na mwingine ni uliokadiriwa. Jibu linakuwa takriban −8.3×10⁻¹⁹. Kipeuo cha pili cha namba hasi, hata ikiwa ndogo namna hiyo, ni `nan`. Ikiunganisha zidisho la pili, unapata chanya, na mzizi wake ni kama 9.1×10⁻¹⁰ badala ya sifuri. Msimbo ni uleule.

GCC huunganisha hivi bila kuulizwa. Clang ilianza kufanya hivyo kwa chaguo-msingi kuanzia toleo la 14, ndani ya usemi mmoja. Ukiwa na hesabu zinazopaswa kulingana kwenye mashine zote, weka `-ffp-contract=off` kotekote, pamoja na kwenye maktaba. Ukihitaji tu kuzuia `nan`, andika `(x-y)*(x+y)`, ambayo pia ni hesabu bora zaidi. (Na pesa usizihesabu kwa desimali hata kidogo. Hesabu senti, kwa namba kamili.)

Tofauti nyingine iko kwenye kugeuza desimali kuwa namba kamili. `(int)3e9f` haiingii kwenye biti 32. ARM inabana kwenye 2147483647. X86 inatoa −2147483648. `(unsigned)-1.0f` kwenye ARM ni 0, kwenye x86-64 kwa kawaida ni 4294967295. Katika C zote mbili hazina jibu rasmi, hivyo kompaila hazina kosa. Kagua mipaka kabla ya kugeuza.

Na `-ffast-math`. Inaiambia kompaila kwamba `nan` haipo duniani, hivyo `if (isnan(v))` uliyoiweka kama mlinzi inafutwa bila onyo. Watu hushangaa mlinzi aliyelala; hakulala, hakuajiriwa. Zaidi ya hapo, kabla ya GCC 13, maktaba ya pamoja iliyounganishwa kwa swichi hii ingeweza kuja na kipande cha kuanzishia kinachobadilisha tabia ya kizio cha desimali kwa programu iliyoipakia, ikiwemo sehemu ambazo hazikuomba. Kama majibu yanabadilika kwa sababu tu maktaba fulani imepakiwa, anza kuchunguza hapo. Ninapoihitaji, ninachukua vipande vyake kimoja kimoja: `-fno-math-errno` karibu kila mara, `-fno-trapping-math` mara nyingi, `-ffinite-math-only` karibu kamwe.

## Kujaribu bila kuwa na simu zote

Huhitaji sanduku la simu kukamata SIGILL. QEMU inajua kuigiza chip dhaifu:

```
qemu-arm -cpu arm1176 -L /usr/arm-linux-gnueabihf ./programu
qemu-aarch64 -cpu cortex-a53 -L /usr/aarch64-linux-gnu ./programu
```

Amri ya kwanza ingeniokoa ngazi ya tangi, maana ingeanguka palepale kwenye laptop. Ya pili inaanguka mara tu agizo la fp16 linapoguswa. Ziweke zote kwenye hatua za kujenga (`-L` ikielekezwa kwenye maktaba za kompaila unayotumia), zikimbie kila unapobadilisha msimbo. Kasi usiipime humo, QEMU haijui Cortex-A8 inavyosota. Kwa hilo tafuta kifaa chenyewe, hata cha kuazima.